Shajara ya mradi: kuhesabu makala za daktari mmoja na mara zilizonukuliwa

Jumatatu, 5 Februari 2024

Naandika haya kwa sababu mwaka jana nilifanya kazi kama hii bila kuweka kumbukumbu yoyote, na alipokuja mtu wa pili kuniomba nimfanyie vilevile nikajikuta naanza moja. Mimi ni mkutubi katika chuo cha afya. Safari hii mhusika ni daktari wa watoto, mhadhiri mwandamizi, ambaye amechunguza malaria kwa zaidi ya miaka 20. Anaomba kupanda kuwa profesa mshiriki. Fomu inataka idadi ya makala, mara zilizonukuliwa, na fahirisi ya h. Jina lake silitaji, humu ataitwa Dokta.

Alikuja saa nne asubuhi na wasifu wa kurasa 19 ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, kaka. Hii si ya dakika kumi? Unabonyeza tu Google."

Nikamwambia siku mbili. (Nimekuja kuhesabu baadaye: saa 46.)

Kwa asiyeijua fahirisi ya h: aliibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa sana hadi iliyonukuliwa kidogo. Teremka ukihesabu mpaka pale namba ya mstari inapoizidi idadi ya nukuu, kisha rudi hatua moja. Mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 40, 12, 5, 3 na 1 ana h ya 3: ya tatu ina nukuu 5, inatosha, lakini ya nne ina 3 tu. Hesabu ni hiyo, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Tabu yote iko kwenye kujua makala zipi ni zake.

Wasifu unasema 58.

Ijumaa, 9 Februari

Nimepoteza siku tatu kwenye jina.

Nilianza na PubMed, maana ni bure na ndiyo nyumbani kwa makala za tiba. Niliandika jina la mwisho na herufi ya kwanza kama kila mtu anavyofanya, zikaja 214. Humo mna upasuaji wa nyonga, mna meno, mna mtu anayepima chumvi kwenye samaki. Majina yetu hayakutengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Chukua mfano wa kubuni, Asha Juma Mohamed. Jarida moja litamwandika Mohamed AJ, jingine Juma A kwa kudhani jina la katikati ndilo la ukoo, la tatu litaongeza m ya pili. Dokta wetu amepita hayo yote, na juu yake aliolewa mwaka 2006, akaanza kutumia jina la mume kwenye makala zilizofuata. Kwa mashine huyo ni watu wanne.

Nikadhani nimepata dawa: nikachuja kwa jina la chuo. Zikashuka kutoka 214 hadi 31, zote za malaria, safi kabisa. Nilifurahi kwa nusu saa hivi. Kisha nikachukua wasifu, nikaweka kidole kwenye makala moja ya 2009 ambamo yeye ni wa tatu kati ya waandishi sita, nikaitafuta kwenye zile 31. Haimo. Nikajaribu nyingine, nayo haimo.

Sababu nimeikuta kwenye maelezo ya PubMed yenyewe. Hadi kufikia 2014, kumbukumbu zao zilikuwa zinabeba anwani ya mwandishi wa kwanza peke yake. Ukichuja kwa jina la chuo, unamfuta mtu kwenye kila makala ya zamani ambayo hakuwa wa kwanza, na kijana anayeanza utafiti huwa wa tatu au wa nne siku zote. Tena majina kamili ya kwanza yalianza kuingizwa 2002 tu. Kabla ya hapo ni herufi.

Kwa hiyo nimegeuza kazi juu chini. Badala ya kutafuta mtu, natafuta makala: kichwa kimoja baada ya kingine kutoka kwenye wasifu, na kwa kila kimoja naandika mwaka, jarida, namba ya DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), nafasi yake kati ya waandishi na jina alilotumia. Ni kazi ya mikono na inachosha macho.

Gharama hadi leo: bando la intaneti 15,000.

Jumamosi, 17 Februari

Vichwa 58 vimekwisha. Vinne nimevitoa. Kimoja kimeandikwa mara mbili kwa maneno tofauti kidogo, viwili ni mihtasari ya mikutano, na kimoja kinasema "iko kwa mhariri" tangu 2017. Dokta alikiangalia hicho cha mwisho, akasema, "Huyo mhariri atakuwa amestaafu." Zimebaki 54. Kisha nimeongeza 3 ambazo mwenyewe alizisahau, kwa hiyo orodha ni 57.

Leo tumekaa pamoja kwenye wasifu wake wa Google Scholar, sehemu ya Google ya makala za kitaaluma, yeye akiwa ameingia kwa akaunti yake. Ulikuwa na vitu 83, nukuu 4,912 na h ya 23. Hiyo 23 ndiyo alikuwa ameshaiweka kwenye rasimu ya fomu.

Google huongeza yenyewe chochote inachodhani ni chako, usipoizima. Tulikuta 11 za mtu mwingine kabisa, 8 za mihtasari na ripoti, na 10 za kurudiwa: rasimu iliyowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na wataalamu, halafu makala yenyewe, kila moja na mstari wake.

Hapa nilifanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Zile za kurudiwa nilizifuta. Makala moja iliyokuwa na nukuu 22 chini ya jarida na 14 chini ya rasimu ikabaki na 22, kana kwamba wale waliorejelea rasimu hawakuwahi kuisoma. Za kurudiwa haziondolewi, zinaunganishwa: unaweka alama kwenye zote mbili, unabonyeza kuunganisha, unachagua ipi iwe kichwa. Bahati nzuri wasifu una pipa la taka, na vilivyofutwa vinarudishwa. Tulivirudisha kimoja kimoja, umeme ukakatika katikati, tukamalizia kwenye simu yake.

Baada ya usafi: makala 54, nukuu 4,130, h ya 19. Tatu zilizobaki Google haizijui kabisa. Dokta aliitazama ile 19 kwa muda.

"Kwa hiyo nimeshuka."

"Hujashuka, Dokta. Ile 23 haikuwa yako peke yako."

Jumatano, 28 Februari

Nilitaka kuujaribu utaratibu wangu kwa mtu ambaye historia yake inajulikana, ili nikikosea nijue nimekosea. Nikamchagua Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Ilikuwa niifanye jioni moja, imekula tatu.

Kosa la kwanza lilikuja ndani ya sekunde mbili. Niliandika Burkitt kwenye PubMed, yakamwagika maelfu, na karibu yote si yake. Ni makala kuhusu saratani inayobeba jina lake. Ukitaka za kwake lazima uiambie mashine kuwa unamtafuta mwandishi: Burkitt DP[au], halafu Burkitt D[au] kwa majarida yaliyoacha herufi ya pili.

Kosa la pili ni la Google Scholar. Nilirudisha miaka hadi kabla ya 1960 nikakutana na Burkitt anayeandika kuhusu ndege. Nikaona mashine imeharibika. Kumbe ni baba yake, James Parsons Burkitt, mhandisi wa serikali ya kaunti huko Fermanagh, Ireland ya Kaskazini, ambaye aliwavisha pete ndege wa robin bustanini kwake na kuchapisha aliyoyaona katika British Birds miaka ya 1920. Mtoto naye akapewa jina Parsons, kwa hiyo herufi ya P wanagawana. Na amu yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji Nairobi. Nilikuwa nalalamikia majina yetu ya Kiswahili, kumbe hata Waairishi wana yao.

Kosa la tatu ndilo lililonikalisha. Ili kupunguza orodha nilichuja kwa neno "lymphoma", yaani saratani ya mfumo wa limfu, maana ndiyo saratani yenyewe. Makala iliyoanzisha yote ikatoweka. Ilitoka 1958 katika British Journal of Surgery na kichwa chake ni "A sarcoma involving the jaws in African children", yaani saratani ya aina ya sarcoma inayoshika taya za watoto wa Kiafrika. Neno lymphoma halimo kwenye kichwa kwa sababu wakati ule hakudhani ni lymphoma. Aliona uvimbe wa taya. Mwaka 1957 daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Ukitafuta kazi ya zamani kwa maneno ya leo, hutaipata.

Sasa lililonigusa kwa ajili ya Dokta. Makala ile haikuvuma ilipotoka. Ilibidi ifike Machi 1961, Burkitt atoe mhadhara Middlesex Hospital, London, na kati ya wasikilizaji awemo Anthony Epstein, ambaye pamoja na Achong na Barr walichapisha katika jarida la tiba la Lancet mwaka 1964 picha za virusi walivyovikuta kwenye seli za uvimbe huo. Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari maili 10,000 hivi kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa unaanzia wapi na unaishia wapi. Kamati ya vyeo ingekaa mwaka 1960 ikitazama nukuu za miaka miwili, angetoka mikono mitupu.

Halafu jina likamgeukia. Ugonjwa ulipoitwa kwa jina lake, watu waliacha kuona haja ya kuirejelea makala ya 1958. Wanaandika "Burkitt" kwenye kichwa, na kwenye marejeo wanaweka mapitio ya juzi. Mwanasosholojia Robert Merton aliliona jambo hili kwa wanasayansi wengi: kazi inamezwa na maarifa ya kawaida mpaka chanzo hakitajwi. Nukuu ni za mstari kwenye marejeo tu. Anayetajwa mdomoni kila siku hapati hata moja.

Jambo la mwisho kuhusu yeye: orodha yake ina milima miwili. Wa pili ni wa nyuzinyuzi za chakula, baada ya kurudi Uingereza 1966, pamoja na makala ya Lancet ya 1972 na ya JAMA, jarida la tiba la Marekani, ya 1974 aliyoandika na Walker na Painter. Anayetazama h peke yake haoni kwamba mtu alibadilisha kazi katikati ya maisha. Nukuu zake sizinakili hapa, kila kanzidata ina hesabu yake na zinabadilika kila wiki. Nilichotaka kilikuwa utaratibu.

Nilichokichukua: tafuta kwa sehemu ya mwandishi, usichuje kwa mada, na kila mara chora mstari wa miaka.

Jumamosi, 9 Machi

OpenAlex. Ni kanzidata ya bure iliyofunguliwa Januari 2022, baada ya Microsoft kufunga ya kwake. Kijana wa TEHAMA alinisaidia kuandika programu fupi ya kuivuta. Tulianza kwa namba ya mwandishi, tukakosea palepale: OpenAlex ilikuwa imemuunganisha Dokta na yule wa samaki. Tukarudi kwenye DOI.

Hapo tena: nilikuwa na DOI 53, wakati kwa hesabu ya mkono makala zenye DOI ni 49. Nne za ziada zilitoka wapi? Nilizipanga kwenye Excel nikazitazama mpaka macho yakauma. Baadhi nilikuwa nimezinakili na https://doi.org/ mbele, nyingine bila. Baadhi zina herufi kubwa, nyingine ndogo. Kwa DOI herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja, lakini programu yetu haijui. Geuza zote ziwe herufi ndogo, kata anwani ya mbele, ndipo uondoe za kurudiwa. Zikawa 49. h kwa OpenAlex: 16.

Nane zisizo na DOI ni hadithi nyingine. Zote zilitoka kwenye majarida ya hapa Afrika Mashariki kabla hayajaanza kutoa namba hizo. Tano nimezipata African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika. Tatu zipo kwenye karatasi tu. Mbili kati ya hizo nimefuata kwenye maktaba nyingine mjini, bodaboda kwenda na kurudi. Ya tatu ilikuwa kwenye stoo yetu wenyewe, kwenye boksi lililoandikwa "mbalimbali", jarida la 2004 pini zake zimeota kutu na kuacha alama ya kahawia kwenye kila ukurasa. Nikampigia simu. Alikuja mwenyewe, akafunua hadi jedwali la pili, akaweka kidole kwenye safu moja. "Hawa nilienda kuwapima mimi, kwa baiskeli, kijiji kwa kijiji." Makala hiyo, kwa kanzidata zote tatu, haina nukuu hata moja. Haimo. Lakini alipoisoma tena alikumbuka kwamba mwongozo wa mafunzo ya wahudumu wa afya wa wilaya ile uliitumia. Miongozo haihesabiwi.

Gharama: bando 20,000, bodaboda 12,000, kudurufu 3,500.

Alhamisi, 21 Machi

Ramadhani, nafanya baada ya futari.

Scopus, kanzidata nyingine ya makala na nukuu: chuo hakijalipia, ila ukurasa wa mwandishi unaonekana bure. Dokta yumo mara mbili, kwa jina la baba na kwa jina la mume. Wa kwanza ana makala 9 na h ya 4, wa pili makala 38 na h ya 14. Ombi la kuwaunganisha nililituma mwishoni mwa Februari na jibu limekuja leo. Mtu mmoja ofisini alishaanza kusema "basi 14 na 4, 18". Hapana. h haijumlishwi. Baada ya kuunganishwa ni 15. Web of Science, nayo kanzidata ya kulipia, hatuna, nimeiruka.

Kazi ngumu zaidi wiki hii haikuwa ya kompyuta. Kati ya nukuu 4,130 za Google, 2,644 zinatoka kwenye makala mbili. Zote mbili ni za tafiti kubwa za kimataifa, za aina ya Global Burden of Disease (mzigo wa magonjwa duniani), ambako waandishi ni mamia na jina lake liko katikati ya orodha inayojaza ukurasa mzima. Nilihesabu mara mbili, zikiwemo na zikiwa nje. Nukuu: 4,130 dhidi ya 1,486. Wastani kwa makala: 76 dhidi ya 29. Makala ya katikati kabisa: 12 dhidi ya 11. h: 19 dhidi ya 17.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu h kidogo. Makala mbili, hata zinukuliwe mara milioni, haziwezi kuisogeza zaidi ya hatua mbili. Jumla na wastani huwa zinabebwa na mmoja tu mwenye kelele.

Nilimwonyesha Dokta nikiogopa kidogo. Akasema, "Kwenye hizo mbili nilipeleka takwimu za wilaya moja. Ziandike, lakini ziweke pembeni. Nguo ya kuazima, kaka." Hakumalizia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mambo madogo, kwa haraka. Kujinukuu: nimekagua makala zake 10 za juu kwa mkono, nukuu zake mwenyewe ni kidogo, hakuna la kuficha. Zilizoondolewa na majarida: hakuna. Nafasi: mwandishi wa kwanza 14, wa mwisho 9. ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, tumemfungulia, bure, na majina yake yote manne yameandikwa humo. Makala zilizomo PubMed nimezipitisha pia kwenye iCite ya taasisi za afya za Marekani, ambayo inalinganisha kila makala na nyingine za fani yake. Inafaa sana kwa malaria, maana mtu wa saratani hunukuliwa kwa kasi nyingine kabisa.

Fomu ina safu ya "impact factor" ya kila jarida. Wazo lake lilitoka kwa Eugene Garfield mwaka 1955: nukuu za mwaka mmoja kwa vilivyochapishwa miaka miwili iliyotangulia, gawa kwa idadi ya makala hizo. Ni kipimo cha jarida, nacho wanakibandika kwenye paji la uso la mtu. Tamko la San Francisco la 2012 lilishaomba kisitumike kupima watafiti. Nimeijaza safu kwa sababu fomu ikirudishwa ni mwezi mwingine. Chini yake nimeandika "tazama kiambatisho", na kiambatisho ni kurasa mbili: mstari wa miaka, hesabu mbili za nukuu, makala 57 na nafasi yake kwa kila moja, na nakala ya jedwali la 2004.

Penye h nimeandika zote tatu, na chanzo na tarehe: Google Scholar 19, OpenAlex 16, Scopus 15. Namba bila chanzo na tarehe msiandike.

Ijumaa, 19 Aprili

Faili limepokelewa baada ya sikukuu. Swali limerudi moja tu, kwa simu: kwa nini h iko tatu, wachukue ipi? Nimewaambia wachague moja na waitumie hiyohiyo kwa waombaji wote. Wamesema watanijulisha.

Jumla ya fedha: bando 40,000 pamoja na la mwisho, bodaboda 12,000, kudurufu na kuchapa 6,500, yaani 58,500. Dokta alitaka kunirudishia, nimekubali ya bodaboda.

Kilichobaki: makala moja ya 2011 Scopus imeandika jina lake bila herufi ya mwisho, nimewaandikia. Lile jarida la 2004 limeskaniwa na kuwekwa kwenye hazina ya maktaba yetu, na boksi la "mbalimbali" nimelifungua lote. Mna majarida mengine 31.